Spea za Umeme wa Gari: Rahisi Ghali

Kwa mwenye gari la abiria kati ya Musoma, Bunda na Butiama, spea bandia ni hasara mara mbili: fedha iliyoinunua na mapato ya siku gari linapolala.

Kabla ya kununua alteneta au stata, fundi aifungue ya zamani. Linganisha namba ya spea, volti na ampea zilizoandikwa juu yake na ile inayouzwa. Magari madogo hutumia volti 12, malori makubwa 24. Boksi zuri lisikuridhishe, nalo huigwa.

Spea halisi iliyotumika si bandia, ila imechakaa. Ipimwe kabla ya kulipa. Katika magari mengi ya volti 12, injini ikiwaka, alteneta nzima huchaji kwa volti 13.8 hadi 14.5. Ikizidi 15, betri huchemka. Ikibaki 12, gari litazimika njiani.

Dai risiti yenye namba ya spea na muda wa dhamana. Mwenye duka anayeagiza Mwanza au Dar es Salaam naye adai ankara ya namna hiyo. Mzigo ukibainika ni bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.