MKATABA WA AKIBA YA NISHATI KATIKA VYUO VYA UFUNDI: NANI ANALIPA, NANI ANAFAIDI?

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kugharimia matengenezo ya majengo ya vyuo vya ufundi, yaani mkataba wa akiba ya nishati, na kuipima kwa mazingira ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Tumechagua wilaya hizi kwa sababu historia yake ina mafunzo mengi kuhusu nishati, na kwa sababu kanuni iliyofaa Ulaya si lazima ifae Ngara. Swali letu ni lile ambalo kada anapaswa kuliuliza mbele ya mkataba wowote: nani analipa, nani anafaidi, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika?

Maana ya Mkataba Huu

Katika matengenezo ya kawaida chuo hutafuta fedha kwanza, kisha humlipa mkandarasi kwa kazi aliyoifanya, iwe kazi hiyo imepunguza gharama au haikupunguza. Katika mkataba wa akiba utaratibu hugeuzwa. Mkandarasi hutoa mtaji, hubadilisha taa, nyaya, mota, pampu au majiko, kisha hulipwa kutokana na fedha zilizookolewa katika matumizi ya nishati. Akiba isipopatikana, halipwi. Muda wa mkataba ukiisha, vifaa na akiba yote hubaki kuwa mali ya chuo.

Wazo hili si jipya. Mwishoni mwa karne ya 18, Matthew Boulton na James Watt waliingia mikataba na wenye migodi ya Cornwall, Uingereza. Wenye migodi waligharimia ujenzi wa injini za mvuke, na Boulton na Watt wakalipwa theluthi moja ya thamani ya makaa ya mawe yaliyookolewa kwa kulinganisha na injini ya zamani ya Newcomen. Ili kupata hesabu, walifunga kwenye injini kifaa cha kuhesabu mapigo, nacho kikatiwa kufuli. Hata hivyo ugomvi wa malipo uliendelea kwa miaka. Hapa tunajifunza jambo la kwanza, kwamba kiini cha mkataba huu ni kipimo. Anayeshika kipimo ndiye anayeshika mkataba.

Hali ya Ngara na Biharamulo

Mwezi Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mto kwenye daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Misitu iliyozunguka makambi ilikatwa kwa ajili ya kuni na nguzo, na wananchi wa Ngara waliona kwa macho yao kwamba kuni nazo zina gharama, hata kama hazina ankara.

Kwa upande wa umeme, miji ya Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Hali hiyo imebadilika. Wilaya ya Ngara sasa ina kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, chenye uwezo wa megawati 80, kinachomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia yake ya umeme upande wa Tanzania inafika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Lakini umeme kupita karibu na chuo ni jambo moja, na chuo kuwa na fedha za kununua uniti za LUKU ni jambo jingine.

Aidha, nchi hizi za milima hazihitaji kupasha joto majengo kama Ulaya, wala viyoyozi kama pwani. Nishati ya chuo inatumika katika taa, karakana, pampu ya maji na jiko. Kada anayenakili mkataba wa Ulaya bila kuangalia jambo hili atakuwa ameagiza koti la baridi kwa ajili ya mtu wa Tanga.

Upotevu na Upungufu

Tuchukue mfano wa hesabu. Chuo kina taa za mirija 100, kila moja ikitumia wati 45, nazo huwaka saa 5 kila siku. Kwa siku 30 chuo kitatumia uniti 675. Tukiweka taa mpya za wati 18, matumizi yatashuka hadi uniti 270. Akiba ni uniti 405. Tukikadiria uniti moja kuwa shilingi 350, akiba ni shilingi 141,750 kwa mwezi. Kama taa hizo mpya ziligharimu shilingi 800,000 na mkandarasi anapewa asilimia 80 ya akiba, mtaji wake utarudi katika mwezi wa nane. Hesabu hii inavutia.

Sasa tuangalie chuo cha pili. Nacho kina taa 100, lakini kwa kukosa fedha huwasha 20 tu. Kinatumia uniti 135, yaani shilingi 47,250. Mkandarasi anabadilisha taa zote, na chuo kwa furaha kinaziwasha zote. Matumizi yanakuwa uniti 270, yaani shilingi 94,500. Gharama imeongezeka maradufu! Lakini mkandarasi, akitumia hesabu ya chuo cha kwanza, atadai kwamba ameokoa uniti 405, na atataka sehemu yake.

Je, chuo hicho cha pili kimepata hasara? La. Wanafunzi wanasoma usiku na karakana ina mwanga. Kilichopatikana ni maendeleo, si akiba. Mkataba wa akiba hulipwa kutokana na upotevu. Palipo na upungufu hakuna cha kugawana, na fedha za kuondoa upungufu lazima zitoke kwenye bajeti ya umma. Kuchanganya mambo haya mawili ni kumtwisha mnyonge deni la kitu ambacho hajawahi kukitumia.

Taifa letu lina uzoefu wa mikataba inayolipa mtambo badala ya matokeo. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, kwa mtambo wa megawati 100 uliojengwa Tegeta, uliifunga TANESCO kulipa gharama za uwezo wa mtambo hata pale umeme wake usipohitajika. Mkataba wa akiba, ukiandikwa vizuri, ni kinyume cha huo. Ukiandikwa vibaya, utakuwa ndugu yake mdogo.

Masharti ya Kuzingatia

Kwanza, chuo kipime matumizi yake chenyewe kwa mwaka mzima kabla ya kumwita mkandarasi. Risiti za LUKU zitunzwe, na kila lori la kuni lililoingia liandikwe. Kazi hii wanaweza kuifanya wanafunzi wa umeme pamoja na mwalimu wao.

Pili, jiko lisisahauliwe. Mwaka 2023 Serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024. Kwa chuo cha bweni, huenda upotevu mkubwa uko jikoni kuliko darasani.

Tatu, vyuo viungane. Ankara ya chuo kimoja ni ndogo mno kumvuta mkandarasi wa maana. Jiji la Berlin, kuanzia mwaka 1996, liliyakusanya majengo yake ya umma katika makundi, majengo makubwa na madogo pamoja, ili kila kundi liwe na mkataba mmoja. Vyuo vya Ngara na Biharamulo vikisimama pamoja vitakuwa na sauti mezani.

Nne, chuo kilichookoa kisipunguziwe fungu lake la mwaka unaofuata kwa sababu hiyo. Akiba ikirudishwa yote juu, hakuna mkuu wa chuo atakayehangaika kuzima taa.

Tano, kazi ya mikono ifanywe na wanafunzi chini ya usimamizi wa fundi mwenye sifa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe mahali pa kazi na uzalishaji. Chuo kinachofundisha umeme na uashi kikiagiza watu wa mbali kuja kubadilisha taa zake, kinawafundisha nini vijana wake?

Hitimisho

Mkataba wa akiba ya nishati ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake. Unaweza kuleta mtaji pale penye upotevu uliopimwa, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa umma wa kukipa chuo cha kijijini mwanga na maji. Kada aliyeko wilayani aanze kwa kuomba daftari la matumizi la chuo kilicho karibu naye. Kama daftari halipo, mkataba wowote utakaoletwa usitiwe sahihi kwanza.