Remmy Ongala: Mpiga gitaa aliyetoka bendi za mtaani hadi majukwaa ya Ulaya

Jioni inapoingia katika mtaa wa Atlabara mjini Juba na jenereta kuanza kunguruma, haupiti muda mrefu kabla ya gitaa la Kongo kusikika kutoka kwenye baa au duka fulani. Kwa wasikilizaji wanaozungumza Kiswahili, wawe wametoka Kongo, Uganda, Kenya au Tanzania, au wawe Wasudan Kusini waliokulia uhamishoni katika nchi hizo, sauti hiyo ni sehemu ya nyumbani.

Wapo pia vijana ambao hawaridhiki na kusikiliza tu. Wanajifunza kupiga, mara nyingi kwa gitaa la kuazima, na swali lao ni moja: mtu huanzaje katika bendi ya mtaani, kisha akafika kwenye majukwaa makubwa ya dunia? Je, ni kipaji peke yake?

Maisha ya Remmy Ongala yanatoa jibu lililo wazi kuliko mengi. Alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji aliyezaliwa Kongo, akapata umaarufu Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1988 akazunguka Ulaya na bendi yake. Safari hiyo inaonesha kwamba kipaji ni sharti la kwanza, lakini si sharti la mwisho. Umiliki wa vyombo, kurekodiwa kwa kazi, na mikono inayoipokea kazi hiyo ndivyo huamua nani atatoka na nani atabaki.

Mwana wa Kindu

Jina lake kamili lilikuwa Ramazani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, mashariki mwa Kongo, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa ngoma za asili, na mtoto alipata mafunzo ya awali kutoka kwake. Hata hivyo, baba alifariki Remmy akiwa bado mdogo, na mama naye akafuata kabla kijana huyo hajafikia utu uzima.

Muziki ukawa riziki yake. Alianza katika kundi la vijana lililoitwa Bantu Success, kisha kwa miaka mingi akapita bendi moja hadi nyingine, akipiga hotelini na kwenye kumbi za starehe, Kongo na baadaye Uganda. Hakuna sehemu ya maisha ya wanamuziki isimuliwayo kwa nadra kuliko hii: miaka ya kupiga nyimbo za watu wengine, usiku hadi usiku, kwa malipo madogo. Lakini ndipo mkono unapozoea nyuzi, na ndipo mwanamuziki anapojua ni kitu gani humfanya msikilizaji aache kinywaji chake na kuinuka kucheza.

Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam kwa mwaliko wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa kiongozi wa Orchestra Makassy. Jiji hilo lilikuwa na bendi nyingi za dansi, na wapigaji kutoka Kongo walipokewa vyema. Kiswahili alichokwenda nacho kilikuwa kile cha Kongo. Wenyeji waliitambua lafudhi ya mgeni, lakini maneno yake waliyaelewa.

Vyombo ni vya nani?

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kuelewa jinsi bendi za Tanzania zilivyoendeshwa siku hizo. Gitaa la umeme halipigwi peke yake. Linahitaji amplifaya, spika, vipaza sauti, ngoma na gari la kubebea vyote hivyo. Katika nchi ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu, wanamuziki wachache mno waliweza kununua vifaa hivyo kutoka nje.

Kwa sababu hiyo, bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika ya umma, jumuiya, majeshi au wafanyabiashara. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akiondoka, aliondoka mikono mitupu, na gitaa lilibaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana wapigaji wa zama hizo walihama sana kutoka bendi hadi bendi: walikuwa wakitafuta mwenye vyombo bora na malipo ya uhakika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Orchestra Makassy ilihamishia shughuli zake Nairobi. Remmy alibaki Dar es Salaam na kujiunga na Orchestra Super Matimila. Jina la bendi hiyo lenyewe linatosha kueleza utaratibu wa wakati ule: Matimila alikuwa mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Haukupita muda, Remmy akawa sura na sauti ya bendi, lakini jina lililotangulia kwenye mabango lilikuwa la mwenye mali.

Magitaa matatu, mazungumzo mamoja

Anayezoea muziki wa rock humfikiria mpiga gitaa kuwa shujaa anayesimama mbele peke yake. Katika dansi la Afrika Mashariki na Kongo mambo huwa tofauti. Magitaa hugawana kazi. La solo hubeba sauti ya juu inayong'ara, la ridhimu hushikilia mwendo, na mara nyingi huwepo la tatu katikati linalojibizana na solo. Chini yake besi huzungumza na ngoma.

Uzuri wa muziki huu umo katika kusikilizana. Mpiga ridhimu akikosea, mpiga solo hana pa kusimama hata awe hodari kiasi gani. Remmy aliimba na kupiga gitaa, lakini alizungukwa na wapigaji mahiri, miongoni mwao Batii Osenga. Mtindo wao aliuita Ubongo, kwa kuwa alitaka muziki usiishie miguuni bali umfikirishe msikilizaji. Nyimbo zake zilizungumzia kifo, umaskini, mapenzi na dharau wanayokutana nayo wasio na kitu. Mashabiki wakampa jina la Dokta.

Redio iliwajulisha, lakini haikuwatajirisha

Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio zake na nyimbo zilisikika nchi nzima na hata nje ya mipaka. Kwa mwanamuziki, huo ulikuwa mlango mkubwa wa kujulikana.

Hata hivyo, kujulikana na kulipwa ni mambo mawili. Santuri za wanamuziki wa Tanzania zilitengenezwa zaidi Nairobi, na kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, yeyote mwenye mashine mbili aliweza kunakili wimbo na kuuza. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyoweka msingi wa chombo cha kusimamia haki za wasanii, ilipitishwa mwaka 1999. Kabla ya hapo, bendi iliyopendwa na mamilioni iliishi kwa viingilio vya mlangoni mwishoni mwa wiki.

Kaseti iliyovuka bahari

Kaseti hiyo hiyo iliyowanyima wanamuziki mapato ndiyo iliyomfungulia Remmy njia. Rafiki mmoja Mwingereza, aliyekuwa akirejea kwao kutoka Tanzania, alichukua kanda ya Super Matimila na kuifikisha kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD. Walipoisikia, waliialika bendi katika ziara yao ya mwaka 1988.

Hapa ndipo muziki wa rock unapoingia katika simulizi hii. WOMAD ilianzishwa na kundi la watu akiwemo Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa bendi ya rock ya Uingereza, Genesis. Tamasha la kwanza, lililofanyika mwaka 1982, liliwaingiza waandaaji katika madeni makubwa. Genesis walikutana tena na Gabriel jukwaani Oktoba mwaka huo huo ili mapato ya onesho hilo yasaidie kuyalipa. Kwa maneno mengine, bila fedha za mashabiki wa rock, huenda jukwaa lililompokea mpiga gitaa wa Kindu lisingedumu hadi mwaka 1988.

Gabriel pia alianzisha kampuni ya kurekodi iitwayo Real World. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilitoa albamu ya Remmy na Super Matimila, Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo za Maskini. Mwaka 1992 ikafuata nyingine iliyoitwa Mambo. Mwanamuziki aliyekuwa akiwaimbia wateja wa kumbi za Dar es Salaam sasa aliwaimbia maelfu katika viwanja vya Ulaya, watu ambao wengi wao hawakujua neno hata moja la Kiswahili.

Waliotangulia

Remmy hakuwa mpiga gitaa wa kwanza wa lugha yetu kuvuka mipaka. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Jean Bosco Mwenda, akipiga gitaa kavu kwa ustadi ambao bado unafundishwa hadi leo. Mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Mwaka 1970, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz waliiwakilisha Tanzania katika maonesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Mbaraka alifariki katika ajali ya gari mjini Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Ukiwatazama watatu hawa kwa pamoja, unaona milango mitatu tofauti. Mwenda alifunguliwa na mtafiti mwenye mashine ya kurekodia. Mbaraka alipelekwa na serikali. Remmy alifunguliwa na kanda iliyobebwa mkononi na rafiki. Lakini jambo moja ni la wote: mlango ulipofunguka, kazi ilikuwa tayari. Hakuna aliyeanza kujifunza siku ya mwaliko.

Umaarufu wa nje, mashaka ya nyumbani

Ziara zilileta swali jipya la lugha. Katika albamu ya Mambo, Remmy aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza ili wasikilizaji wapya wamwelewe. Ni uamuzi unaowakabili wasanii wengi wanaovuka mipaka: ukibaki na lugha yako, unaonekana mgeni, ukiiacha, unaweza kupoteza kile hasa kilichokufanya ualikwe.

Nyumbani, umaarufu wa nje haukumkinga. Mwaka 1990 alitunga wimbo Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu ili kujikinga na Ukimwi, wakati ambapo jambo hilo lilitajwa kwa kunong'ona. Redio ya taifa haikuupiga, kwa kuonekana kuwa umevuka mipaka ya staha. Wimbo ulienea kwa kaseti na kwenye kumbi, na watu wakaukariri. Leo, baada ya vifo vyote vilivyotokea, ni vigumu kusema kwamba mwimbaji ndiye aliyekosea.

Katika miaka ya mwisho afya yake ilidhoofika, akaokoka na kugeukia muziki wa injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Nini cha kujifunza?

Kwa kijana wa Juba mambo mengine yamekuwa mepesi. Simu moja inaweza kurekodi wimbo na kuutuma duniani bila kusubiri msafiri wa kubeba kanda. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za jumuiya hiyo. Msikilizaji anayeelewa wimbo wa Kiswahili yupo Juba, Kampala, Nairobi, Bujumbura na Goma.

Lakini maswali ya zamani hayajaondoka. Gitaa ni la nani? Nani ameandika jina lake kwenye wimbo? Mapato yakija, yatagawanywa vipi kati ya wale watatu au wanne ambao bila wao hakuna solo wala ridhimu? Bendi inayoyajibu maswali haya mapema, kwa maandishi, huwa imejiandaa kwa safari kuliko ile yenye mpigaji hodari peke yake.

Jina Atlabara, kwa Kiarabu cha Juba, lina maana ya "toka nje". Remmy Ongala alitoka nje mara mbili: kutoka Kongo hadi Tanzania, kisha kutoka Tanzania hadi Ulaya. Mara ya pili alirudi. Hata sasa, katika eneo la Sinza alikoishi, kuna mahali panapoitwa Kwa Remmy, na makondakta wa daladala hulitaja jina hilo kila siku wanapoita abiria. Wengi wa abiria hao walikuwa hawajazaliwa alipopanda ndege kwenda ziara yake ya kwanza.