Kukosa Usingizi: Pima Kwanza Kabla ya Kuacha Chapati

Uasin Gishu ni kaunti ya ngano. Mashamba yake yanaonekana kuanzia Moiben hadi Ainabkoi, na jijini Eldoret siku ya wengi huanza kwa chai na mandazi au mkate, ikaisha kwa chapati na maharagwe. Ndiyo maana mtu anaposikia kwamba ngano inaweza kumnyima usingizi, hushtuka. Asiyelala vizuri kwa miezi kadhaa yuko tayari kujaribu lolote, na si ajabu akaacha chapati kwa ushauri wa jirani tu.

Ukweli ni kwamba uhusiano upo, lakini ni kwa watu wachache. Anayejishuku anapaswa kupimwa kabla ya kubadilisha chakula, kwa sababu akiiacha ngano mapema, kipimo chenyewe kinaweza kumdanganya.

Gluteni ni nini?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayofanya unga uliokandwa uvutike, chapati isukumwe bila kukatika na mkate uumuke. Mahindi, wimbi, mtama na mchele havina protini hiyo.

Watu wengi hula gluteni maisha yao yote bila tatizo. Wanaodhurika wako katika makundi matatu. La kwanza ni wenye ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili hukasirishwa na gluteni na kuushambulia utumbo mwembamba. La pili ni wenye mzio wa ngano, ambao huweza kuvimba, kuwashwa au kubanwa na pumzi muda mfupi baada ya kula. La tatu ni wale ambao tumbo huwasumbua wakila ngano ingawa vipimo vya siliaki na vya mzio havionyeshi kitu.

Siliaki hukadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya 100 duniani. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa Wazungu pekee, lakini sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wakiwa nao. Ugonjwa huu hufuata ukoo: mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa yumo hatarini zaidi kuliko watu wengine.

Usingizi unaingiaje?

Ndani ya utumbo mwembamba mna vijinyweleo vidogo sana vinavyofyonza virutubishi kutoka kwenye chakula. Siliaki huvilaza na kuviharibu. Mgonjwa anaweza kula vizuri na bado mwili ukakosa madini ya chuma, ukaishia na upungufu wa damu.

Hapo ndipo usiku unapoharibika. Upungufu wa madini ya chuma ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za tatizo la miguu kutotulia. Mtu akishalala huhisi miguu ikimtekenya au ikimvuta kwa ndani, na hapati nafuu mpaka aitikise au aamke atembee. Tafiti zilizofanywa Italia na Marekani zimeonyesha kwamba tatizo hili huwapata wagonjwa wa siliaki zaidi ya watu wengine.

Ziko njia nyingine pia. Maumivu ya tumbo, gesi na kuharisha humwamsha mtu usiku. Baadhi ya wagonjwa hutokwa na vipele vinavyowasha sana kwenye viwiko, magoti na makalio. Wengine huandamwa na wasiwasi au huzuni, mambo ambayo peke yake hufukuza usingizi.

Kwa lile kundi la tatu, lisilo na siliaki wala mzio, ushahidi kwamba ngano huvuruga usingizi bado ni mdogo. Hata kwa mwenye siliaki, kuacha gluteni si lazima kurudishe usingizi wote mara moja. Utumbo huhitaji miezi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka, kupona.

Si kila mkesha ni wa ngano

Tatizo la usingizi huitwa sugu linapomrudia mtu angalau usiku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Sababu zake ni nyingi, na zilizo nyingi hazihusiani na chapati: mawazo, kazi za zamu za usiku, pombe, maumivu, kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika, au simu inayomulika hadi usiku wa manane.

Chai nayo isisahaulike. Ina kafeini, na kikombe cha jioni kinaweza kumkesha mtu anayeilaumu chapati aliyoila nayo. Tena chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye mboga, maharagwe na nafaka. Kuinywa saa moja au mbili baada ya kula, na kuiacha kabisa baada ya alasiri, ni jaribio lisilo na gharama.

Upungufu wa damu pia una visababishi vingi: hedhi nzito, ujauzito, minyoo, malaria na lishe duni. Siliaki inafaa kufikiriwa hasa pale mgonjwa anapotumia vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa lakini damu haipandi, au inapanda kisha inashuka tena bila sababu kujulikana.

Kwa nini upimwe kwanza?

Kipimo cha kwanza cha siliaki ni cha damu. Hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza dhidi yake wenyewe anapokula gluteni. Kikionyesha dalili, daktari bingwa huweza kupitisha mrija wenye kamera mdomoni hadi utumboni na kuchukua vipande vidogo vya kuchunguzwa.

Mtu akiacha ngano kwa wiki au miezi kabla ya kupimwa, kingamwili hizo hupungua na utumbo huanza kupona. Majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Kisha mtu huyo hurudia chapati akijiona mzima, na madhara huendelea kimyakimya: mifupa kudhoofika, ugumu wa kupata mimba, na kwa watoto, kudumaa.

Tiba ya siliaki ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Dunia ilipata uhakika wa jambo hili kwa njia ya uchungu. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena.

Mwenye ugonjwa ale nini?

Meza ya Uasin Gishu haimtupi mgonjwa. Ugali wa mahindi au wimbi, githeri, viazi, ndizi, wali, maharagwe, mboga, mayai, nyama, maziwa na mursik havina gluteni kwa asili yake.

Hatari hujificha kwingine. Unga wa uji wa mchanganyiko huweza kuwa na ngano ndani. Mashine iliyotoka kusaga ngano huacha mabaki yanayoingia kwenye mahindi yanayofuata. Soseji, baadhi ya viungo vya kukolezea mchuzi na bia ya shayiri nazo zichunguzwe. Soma maandishi kwenye pakiti kila unaponunua.

La kufanya sasa

Ikiwa hulali vizuri na pia una tumbo lisilotulia, uchovu, kupungua uzito au upungufu wa damu usiokwisha, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kwa wiki mbili kabla ya kwenda, andika saa unazolala na kuamka, unachokula na kunywa jioni, na jinsi tumbo na miguu inavyokuwa usiku. Taja ikiwa kuna jamaa mwenye siliaki. Kipimo cha siliaki hakipatikani katika kila kituo, hivyo huenda ukapewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi.

Usijinunulie vidonge vya usingizi, wala vya kuongeza damu, bila kupimwa. Na hadi daktari atakapokuambia vingine, endelea kula chapati yako kama kawaida.