Jiko Jipya na Dohani ya Zamani

Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, nyumba nyingi hujengwa juu ya chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mwenye nyumba apendaye kupunguza gharama za kupasha nyumba joto huweka humo jiko la chuma la kuni. Akiona dohani ya matofali imekwisha kuwapo, hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kuunga bomba tu. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Dohani huvuta moshi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi nayo hupanda. Tundu likiwa pana mno, au dohani ikiwa imejengwa nje ya ukuta, moshi hupoa njiani na kuacha masizi mazito kama lami. Masizi hayo yakishika moto, joto laweza kupita digrii 1,000 za Sentigredi, likapasua matofali na kuunguza boriti. Tena hewa ya moto ya nyumba hupanda orofani, na chumba cha chini hutafuta hewa nyingine badala yake. Dohani ikiwa baridi, hewa huteremka kwa njia hiyo, na moshi hurudi chumbani.

Pamoja na moshi huo huja kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Ndiyo sumu ile ile itokayo katika jiko la makaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa, hata huku kwetu Limuru au Nyeri.

Kwa hiyo yafaa fundi stadi aitwe kwanza. Yeye husafisha dohani na kutazama nyufa zake kutoka juu hata chini. Kisha huteremsha ndani yake bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye upana sawa na mdomo wa jiko, wala haruhusu jiko la pili kutumia tundu hilo. Kilele cha dohani nacho hakina budi kupita paa kwa futi 3 au zaidi.

Mwenye nyumba naye achome kuni kavu, aisafishe dohani kila mwaka, na aweke king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa dohani usipozibwa, huenda likachimbwa kaburi.