MSTARI WA MKONO JUU YA TANGI

Wako watu ambao wakiiona pikipiki ya zamani hukimbilia kuitazama injini. Mimi hutazama tangi la petroli kwanza. Hapo ndipo penye ile mistari myembamba, ya dhahabu au nyeupe, iliyopita juu ya rangi nyeusi. Kwa mbali utadhani imepigwa kwa rula. Inama karibu, utaona mahali imenenepa kidogo tu, nawe utajua kuwa mkono wa mtu ulipita hapo.

Kazi hii asili yake ni magari ya farasi ya Ulaya, ambayo yalipambwa kwa mistari kama hiyo. Kutoka huko ikaingia katika baiskeli, kisha katika pikipiki. Wazee wetu wa Mombasa walioendesha baiskeli za Kiingereza wataikumbuka mistari ile ya madigadi.

Brashi yake ina mpini mfupi, lakini manyoya yake ni marefu, mara nyingi ya kindi. Urefu huo una sababu: manyoya hubeba rangi nyingi, mstari usikatike njiani. Fundi huchovya brashi katika rangi ya mafuta, akaipitisha mara kadhaa juu ya kadi mpaka rangi ienee sawasawa. Kisha kidole chake cha mwisho hutambaa juu ya bati, kikimwongoza, na mkono wote huvutwa kwa mwendo mmoja. Asipopendezwa, hufuta kwa kitambaa kabla rangi haijakauka, akaanza upya. Ni kama mama mpaka piko mbele ya bibi harusi: akisitasita, ua limeharibika.

Mfano ulio hai uko ng'ambo ya bahari yetu hii, katika mji wa Madras, ambao tangu 1996 huitwa Chennai. Mwaka 1955 pikipiki za Royal Enfield zilianza kuundwa huko kwa ajili ya jeshi la India. Kiwanda cha Uingereza kilifungwa baadaye, lakini cha Madras kikaendelea, na mistari ya mkono ikaendelea pamoja nacho. Hata Bullet mpya iliyotolewa 2023 ina mistari iliyopigwa kwa mkono. Mafundi wa Triumph nao wamepata kutia herufi za majina yao chini ya tangi, mahali ambapo mpita njia haoni. Chema chajiuza.

Lakini karatasi za kunata zimeingia kati. Ni rahisi, hubandikwa kwa dakika chache, na hazihitaji mwanafunzi kukaa miaka chini ya fundi. Hapo ndipo penye hasara, kwani ujuzi huu haumo kitabuni. Umo katika kiwiko na pumzi za mtu. Akiondoka bila kumfundisha mwingine, ameondoka nao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na pikipiki ya marehemu baba yako, usiwe mwepesi wa kushika msasa. Ipige picha mistari yake, pima upana wake, na uinakili juu ya karatasi nyembamba kabla hujagusa rangi. Na kama imebaki hata nusu, iache. Rangi mpya hununuliwa dukani wakati wowote. Mkono uliopiga mstari ule hauuzwi popote.