Msokoto Chini ya Kombi: Sayansi ya Kushusha Gari kwa Mbele

Swali la iwapo kombi ya zamani ya Volkswagen, hasa ile iliyogeuzwa kuwa chumba cha kulala safarini, inaweza kushushwa upande wa mbele bila kudhoofisha springi zake huulizwa na wengi wanaofufua magari hayo. Katika Kaunti ya Taita Taveta swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa gari lililotoka Voi laweza kukimbia juu ya lami ya barabara ya Mombasa, likapanda kona za kwenda Wundanyi, kisha likaingia katika lango la Voi la Mbuga ya Tsavo Mashariki na kukanyaga vumbi jekundu, yote hayo kabla ya jua kutua. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini jibu lenye utamu wa kisayansi limo ndani ya mabomba mawili ya chuma yaliyolala kwa upana wa gari chini ya miguu ya dereva.

Historia ya gari lenyewe inajulikana vya kutosha: utengenezaji wake ulianza Ujerumani mwaka 1950, na muundo wa ekseli yake ya mbele ulifuata ule wa Beetle, gari dogo la kampuni hiyo hiyo lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Wazo la msingi lilisajiliwa na ofisi ya mhandisi Ferdinand Porsche mwaka 1931. Maelezo yanayofuata yanahusu kombi za miundo miwili ya kwanza, kwa sababu ule wa tatu, uliotoka mwaka 1979, ulipewa springi za kuviringwa kwa mbele na hauna mabomba hayo.

Ndani ya kila bomba mmelazwa fungu la mabapa membamba ya chuma cha springi, ambalo limebanwa kwa skrubu katikati kabisa ya bomba ili lisizunguke mahali hapo. Kila mwisho wa fungu umeshika mkono wa chuma unaoelekea nyuma, na ncha ya mkono huo ndiyo inayobeba gurudumu. Gurudumu likikutana na jiwe hupanda, mkono huzunguka, na mabapa husokotwa kati ya ncha yao na pale yalipobanwa, kisha jiwe likipita chuma hujinyoosha na kulirudisha gurudumu chini. Fungu hilo linafaa kuitwa ufito wa msokoto, maana neno “springi” likiachwa peke yake humfanya msomaji aone chuma kilichoviringwa, na neno “ufito” peke yake humfanya aone kitu kinachopindwa, ilhali hapa chuma hakigandamizwi wala hakipindwi, bali husokotwa tu. Wembamba wa bapa nao una sababu yake: kwa pembe ile ile ya msokoto, bapa jembamba hupata mkazo mdogo usoni mwake kuliko chuma kinene cha urefu ule ule, kwa hiyo mabapa kadhaa yaliyofungwa pamoja huzunguka sana bila kuvunjika na bado yakabeba mzigo mzito.

Siri ya kushusha gari huonekana wazi mtu akiwaza watu watatu wanaokamua blanketi zito lililofuliwa, wawili wakiwa wameshika ncha na wa tatu ameshika katikati kwa mikono yote miwili. Wale wa ncha wakizungusha mikono yao, wanahisi blanketi linawapinga, na kadiri wanavyozidi kuzungusha ndivyo upinzani unavyoongezeka. Sasa yule wa katikati, bila kulegeza mshiko, na ageuze viganja vyake kidogo kuelekea upande ule ule wanaozungushia wenzake: wale wa ncha watalazimika kuzungusha mikono zaidi ili wapate upinzani uleule waliouhisi mwanzo. Blanketi halikubadilika, ugumu wake haukubadilika. Kilichohama ni mahali ambapo mikono hutulia. Kombi nayo hutenda vivyo hivyo, kwani uzito wa gari ndio unaozungusha mikono ya ncha, na fundi akikata sehemu ya katikati ya bomba, akaigeuza na kuichomelea upya, au akachomelea kirekebisho chenye skrubu na nati kinachoruhusu kuigeuza tena wakati wowote, gari hutua chini zaidi likiwa na springi ileile. Angemwondoa mtu wa katikati kabisa, blanketi lingezunguka ovyo bila kukamuliwa, na ndiyo maana skrubu zile za katikati ya mabomba, ndogo zilivyo, zimebeba mbele nzima ya gari.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mfano, mkono wenye urefu wa sentimita 15 uliokuwa umelala sawa na ardhi ukigeuzwa digrii 20, ncha yake huhama wima kwa takriban sentimita 5, na hicho ndicho kina ambacho gari litashuka. Njia nyingine, ambayo baadhi ya makanika huiona rahisi, ni kuchomoa mabapa machache. Gari hushuka kweli, lakini hushuka kwa sababu springi imedhoofika, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuhamisha mahali pake pa kutulia.

Hata hivyo, springi ambayo haikudhoofika bado inaweza kukosa nafasi ya kufanya kazi. Nishati ambayo springi humeza kutoka mahali inapotulia hulingana na mraba wa umbali inaosogea, kwa hiyo gari lililokuwa na sentimita 10 za kupanda kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, likibakiwa na 5, hubakiwa na robo tu ya uwezo wa kumeza kishindo. Robo hiyo hutosha juu ya lami laini. Juu ya matuta ya barabarani, na juu ya mawimbi madogo ya ardhi yanayojitokeza kwenye barabara za murramu kuelekea Kasigau, haitoshi.

Usukani nao huguswa. Mhimili ambao gurudumu hugeukia umeinamishwa nyuma kidogo, na mwinamo huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe baada ya kona. Kombi ina mita 2.4 kati ya ekseli mbili, kwa hiyo mbele ikishuka sentimita 5 huku nyuma ikibaki ilivyo, gari zima huinama digrii 1.2 hivi na kuupunguza mwinamo huo kwa kiasi hicho hicho. Digrii moja si haba kwa pembe ya digrii chache, hasa kwa gari lenye uso bapa linalopishana na malori ya Mombasa kwenye tambarare zenye upepo. Dawa yake ni kuurudisha mwinamo huo. Shokapu fupi, tairodi na boljointi (kwa kombi zilizo nazo) navyo vyahitaji kukaguliwa, na uchomeleaji uachiwe fundi anayeumudu.

Uamuzi kwa mwenye kombi wa Taita Taveta hauna utata. Asichomoe bapa hata moja, bali afungiwe kirekebisho cha katikati, kwa kuwa kirekebisho hicho huzunguka pande zote mbili: kombi ya maonyesho itashushwa sentimita chache, na ile itakayolala Tsavo au kwenye Ziwa Jipe itainuliwa kwa skrubu ile ile hadi juu, ambako ndiko barabara nyingi za kaunti hiyo zinakotaka iwe.