Chakula na Maji kwa Mwendesha Baiskeli

Mama, leo tumzungumzie yule anayetoka nyumbani kwako alfajiri kwa baiskeli: baba anayepeleka maziwa mjini Kitale, kijana anayebeba mahindi kutoka Kiminini, au mtoto anayesoma shule ya mbali.

Wengi hutoka na chai ya rangi tu. Baada ya saa moja na nusu au mbili za kukanyaga kwa bidii, miguu hulegea, mikono hutetemeka, kichwa huzunguka. Huo si uvivu. Sukari ambayo mwili huweka akiba katika misuli na ini inakaribia kwisha. Kizunguzungu katika barabara ya malori, kama ile ya Kitale kwenda Webuye, chaweza kuua.

Tena Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa ni baridi na upepo hukausha jasho upesi, hivyo mtu hajui anapoteza maji.

Ufanye nini?

Kwanza, kabla hajaondoka mpe uji mzito, viazi vitamu au nduma. Githeri ingoje jioni, kwani hukaa tumboni kwa muda mrefu.

Pili, mfungie ndizi mbivu mbili au tatu. Baada ya saa ya kwanza, ale kidogo kidogo kila nusu saa.

Tatu, mpe chupa ya maji yaliyochemshwa. Anywe mafunda machache kila robo saa, asingoje kiu. Wengi hutoshwa na nusu lita kwa saa. Safari ikizidi saa mbili, au jua likiwa kali, tia katika lita 1 ya maji vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi.

Nne, akirudi ale ugali, maharagwe au omena, na sukumawiki. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, bado hajanywa maji ya kutosha.

Pombe na miraa si chakula. Zinamdanganya mtu kuhusu uchovu wake. Mwenye ugonjwa wa kisukari aulize kliniki kwanza, na asisafiri bila sukari mfukoni.

Akianza kutapika, kuchanganyikiwa au mwili kuwaka moto, mwekeni kivulini, mmwagieni maji, mpelekeni hospitali mara moja.

Basi mama, kesho alfajiri tazama amebeba nini. Kwaheri.